Tabaka Amilifu

Siku ile mjinga alikuwa Khoat. Analikubali mwenyewe, tena haraka, na ukimtangulia kulisema hununa kama mtu aliyeporwa zamu yake kwenye foleni. Lakini ujinga mkubwa ni kama jeneza, haubebwi na bega moja. Habari hii ni ya yale mabega mengine.

Maji ya kijiji chetu cha Mac Ha hutoka kisimani yakiwa meupe kama machozi. Yaache kwenye beseni mpaka wali uive, utayakuta yamekuwa manjano, yana utando juu, na chai utakayopika nayo itakuwa nyeusi kama wino. Ni chuma. Kwa sababu ya chuma hicho, karibu kila nyumba imejenga tangi la mchanga. Pampu huyavuta maji hadi kwenye bomba lililotobolewa matundu, yakanyesha juu ya mchanga, yakashuka taratibu, na chini yakachotwa yakiwa safi. Wazee wetu walijenga hivyo ili shati jeupe lisitoke kwenye kufuliwa likiwa na rangi ya embe bivu. Hakuna aliyefikiria sumu.

Sumu ililetwa na watu wa utafiti kutoka Hanoi. Ilikuwepo siku zote, lakini wao ndio waliokuja na jina lake: arseniki. Walipima kisima hadi kisima, wakapima na matangi, wakagundua jambo lililowafanya waite wenzao waje kutazama. Kisima cha Khoat kilikuwa na arseniki ya kumuua fahali kwa subira, ila tangi lake liliibakiza karibu yote mchangani. Katika kata nzima hapakuwa na tangi lililolikaribia. Khoat akafanywa kiongozi wa kikundi cha maji, akapelekwa semina asubuhi tatu kwenye ukumbi wa kata. Wenzake walirudi na kofia za bure. Khoat alirudi na maneno.

"Sikiliza, mama Luyen," alimwambia mkewe, Nhai, aliyekuwa ameinamia sufuria la soya. "Chuma kikikutana na hewa kinapata uoksidishaji. Kikishaoksidishwa kinakuwa mashapo. Yale mashapo ndiyo yanayoikamata arseniki. Halafu chini yake kuna tabaka amilifu. Hilo ndilo moyo wa chujio. Haliguswi!"

"Na hizi soya zinazoungulia hapa wakati unahubiri, nazo zimepata uoksidishaji?"

"Unacheka. Daktari wa semina mwenyewe alisema nina kichwa chepesi."

"Hilo mama yako alishanionya kabla ya harusi."

Aliyakariri maneno yale kwa jirani, kwa wakwe, kwa muuza nyama, kwa bata. Pale sokoni wakampa jina la Profesa, naye hakulikataa.

Nhai alikuwa anakamua tofu. Kila alfajiri alisaga soya zilizolowekwa tangu jana yake, akachemsha, akagandisha, akakandamiza, na kulipopambazuka tofu ilikuwa imepangwa kwenye majani ya mgomba. Kidogo aliuza sokoni. Fungu kubwa lilikwenda jikoni kwa kiwanda cha nguo kule barabara kuu, ambako binti yao Luyen alikuwa anashona mikono ya mashati. Kiwanda kile ndicho kilichobadilisha paa la nyumba na kumnunulia Bibi Ty, mama yake Khoat, dawa za moyo. Sasa kiwanda nacho kilikuwa kimesikia habari za arseniki. Kikasema hakitachukua tofu kwa mtu ambaye maji yake hayajapimwa mbele ya mashahidi. Wageni wa mkoa walikuwa wanakuja kulitazama tangi la Khoat, ambalo sasa lilikuwa tangi la mfano, na mkuu wa jiko la kiwanda angefuatana nao. Maji yakifaulu, tofu inaendelea. Yakishindwa, basi.

Khoat hakupoteza usingizi. Tangi lilikuwa lake, maneno yalikuwa yake, na lililobaki lilikuwa wageni kufika.

*

Kabla ya wageni alifika Quyet, makamu mwenyekiti wa kata. Alikuwa mwezi wa mwisho wa kalenda yetu, ule mwezi ambao kila nyumba inapakwa chokaa, madhabahu ya mababu inafutwa vumbi na vyungu vinasuguliwa mpaka vinalia, kwa sababu Mungu wa Jiko yuko njiani kwenda mbinguni kutusengenya. Quyet aliegesha pikipiki, akapanda ngazi ya tangi na viatu vyake vya ofisini, akachungulia. Juu mchanga ulikuwa na rangi ya kutu. Akaingiza kidole, akachimbua kidogo. Chini ulikuwa mweusi tititi.

"Ndugu Khoat. Hiki nini?"

"Mchanga, ndugu makamu."

"Huu mchanga? Haya masizi!" Akamwonyesha kidole. "Wanakuja watu wa mkoa, wanakuja na kamera, halafu wewe unawafungulia zizi la nguruwe?"

"Lakini maji yake yanatoka meupe."

"Mgeni anakula kwa macho kwanza. Kata nzima imefagiliwa, mpaka mbwa wamefungwa. Wewe ndiye uso wetu, ndugu yangu. Uso haunawi?"

Khoat akakitazama kile kidole. Ni kweli, kilikuwa kichafu. Kilitia aibu.

"Kata itakupa mchanga mpya," Quyet akasema huku akijifuta kwa jani. "Ule wa mto Lo, wa dhahabu, umeoshwa. Kesho trekta linashusha hapa mlangoni. Sugua tangi mpaka ling'ae."

Nhai alitoka jikoni mikono ikivuja tui la soya. "Shemeji, tangi likilala siku nzima, mimi soya nitaloweka kwa mate?"

"Siku moja tu, shemeji. Kwa ajili ya kesho kutwa yako."

"Mwache asafishe," Bibi Ty akasema kutoka kibarazani, alipokuwa amekaa na sanduku lake la tambuu. "Nyumba nzima tumesugua, hilo tangi ndilo nani lisisuguliwe? Mwaka hauingii kwenye uchafu."

Basi asubuhi yake Khoat akavua shati, akaingia tangini na koleo. Mchanga wa miaka aliurusha nje ya tangi, akaupakia kwenye toroli, akaumwaga pembeni ya bwawa, juu ya kitalu cha mchicha wa maji. Akasugua saruji kwa brashi na majivu. Alipokuwa bado anachota, jirani, Mui muuza nyama, alimchungulia kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Profesa, unahama?"

"Nasafisha, dada Mui. Kesho wanakuja. Nataka tabaka amilifu lionekane vizuri."

Alisema hivyo akiwa amesimama kwenye tabaka amilifu lililomfika kwenye vifundo vya miguu, koleo mkononi. Na Mui, ambaye hakwenda semina, akaona ni jibu la msomi, akarudi kukata mbavu zake.

*

Wageni walikuja na magari mawili. Quyet alihutubia. Akasema kata yake imepiga hatua katika usafi wa maji ya ardhini, akataja ukolezi, akataja viwango, na kila alipotaja neno alimwangalia Khoat kidogo, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama pochi bado ipo. Khoat alikuwa amevaa koti la harusi yake. Mkuu wa jiko la kiwanda, Bwana Tue, alisimama kivulini akijipepea kwa kofia. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuja kutazama jambo moja.

Daktari Uyen, yule wa utafiti, alipanda ngazi ya tangi huku anatabasamu. Akachungulia. Tabasamu likamkauka usoni.

"Kaka Khoat, mchanga uko wapi?"

"Si huo, daktari. Umetakata."

"Ule wa zamani."

"Ule mchafu? Niliutupa jana."

Daktari alishuka ngazi taratibu, mguu mmoja mmoja. Akamvuta Quyet kando, ila uani kwa Khoat hakuna kando. Kila mtu alisikia. "Leo tusipime. Mchanga mpya haujui kazi. Upeni wiki kadhaa, maji yapite kila siku, nitarudi."

"Daktari, wageni wamefika. Kamera hiyo hapo. Kisima ni kile kile, maji ni yale yale, na mchanga sasa ni bora kuliko wa kwanza. Tupime."

"Nakwambia yatashindwa."

"Basi yashindwe kisayansi," Quyet akacheka, akawageukia wageni ili nao wacheke. Wakacheka.

Akapima. Aliweka maji kwenye kichupa, akatia unga wake, akafunika kwa kizibo chenye kipande cha karatasi nyeupe. Karatasi ikibaki nyeupe, maji ni salama. Tukasubiri. Bibi Ty akauliza kama mganga amemaliza. Nhai alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mikono ameiviringisha kwenye aproni. Karatasi ikaanza kuwa njano kama jino la mvutaji. Daktari akatazama saa. Karatasi ikawa kama chai ya jana. Mwisho ikawa kahawia, akaitoa, akailinganisha na zile rangi za kwenye kadi yake.

Bwana Tue alifungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni ngapi?"

"Juu ya kiwango," daktari akasema.

"Ngapi?"

"Mara sita hivi."

Bwana Tue akavaa kofia yake.

Khoat alikuwa bado anashangaa lile tangi lake jeupe, lile lililomwacha na malengelenge. Akamsogelea daktari, akauliza kwa sauti ya mtu aliyepoteza mfugo sokoni, "Daktari, sasa lile tabaka amilifu limekwenda wapi?"

Daktari Uyen akanyoosha kidole kwenye kitalu cha mchicha wa maji. "Lile pale."

Pale palikuwa na lundo jeusi, na kuku mmoja juu yake akiparura.

"Ule weusi, kaka. Ni manganizi, madini kama chuma. Hujijenga wenyewe kwenye mchanga, kidogo kidogo, miezi na miaka. Ndio uliokuwa unafanya kazi."

"Nikiurudisha?"

"Umekauka, umechanganyika na udongo na kinyesi cha kuku. Usiurudishe. Tena uzoe wote, ukauchimbie mbali na bwawa. Sumu yote uliyoikwepa miaka hii imo humo. Nami nilipaswa kuja kuutia mkononi mwako siku ya semina. Nilichora ubaoni tu."

Chakula cha wageni kilikuwa tayari kimetandazwa mkekani. Nhai alikuwa amekaanga tofu, akaweka na ile rojo ya kamba waliochachushwa, akachemsha kuku na sinia la mchicha wa maji uliochumwa asubuhi kutoka kitalu kile kile. Vijiti vya mwakilishi wa mkoa vilikuwa vimeshaubana mchicha. Vikasimama hewani. Daktari aliona, akasema haraka kwamba mchanga umemwagwa jana tu, mboga haiwezi kuwa imefyonza kitu, na yeye mwenyewe akala. Alikula peke yake. Wengine waligundua kwamba wameshiba, wengine kwamba barabara ni mbovu na giza litawakuta njiani, ingawa jua lilikuwa utosini.

*

Kiwanda hakikutuma barua. Siku ya tatu Nhai alipofika na pikipiki yake, tofu imefungwa nyuma ndani ya beseni, mlinzi hakuinua kizuizi. "Jikoni wamesema usubiri, mama." Alisubiri mpaka tofu ikaanza kutoa maji. Luyen akaja getini wakati wa mapumziko, amevaa kilemba cha kiwanda, akamwambia kwa sauti ya chini arudi nyumbani, watu wanatazama.

"Na watazame. Kuna aliyekwambia kitu?"

"Wananiuliza kama na mimi ni sumu. Wanafanya utani tu, mama."

"Utani tu," Nhai akasema, akageuza pikipiki.

Sokoni nako utani ulikuwepo. Maneno aliyoyatawanya Khoat kwa mwezi mzima yalikuwa yameota, na sasa watu walikuwa wanamvunia mkewe.

"Dada Nhai, nikatie kipande. Ila chenye ukolezi mdogo."

"Hii ya leo ina mikrogramu ngapi kwa kilo?"

"Hebu mwacheni, si mnajua yake imepata uoksidishaji!"

Nhai alikuwa anajibu. Mteja mmoja Nhai alimwambia kwamba angeumbwa na hata mikrogramu moja ya akili, mama yake asingelia siku ya harusi yake. Watu walicheka, wakampiga mgongo, wakaenda kununua tofu meza ya pili. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu: ukichekesha unapendwa, lakini hununuliwi. Alirudi na beseni zito kama lilivyoondoka, na jioni nguruwe wa Mui walikula vizuri kuliko watu.

Halafu kulikuwa na kumbukumbu ya kifo cha baba yake Khoat. Ukoo mzima ulikaa mikekani. Tofu ilikaangwa, kwa sababu marehemu aliipenda, ikawekwa kwanza madhabahuni, moshi wa ubani ukaizunguka, ndipo ikashushwa kwa walio hai. Binamu wa Khoat kutoka mjini alitoa mfukoni chupa ya maji aliyonunua dukani, akaiweka mbele yake. Shemeji mmoja akasogeza sinia la tofu kidogo ili apate nafasi ya kuweka wali. Mwingine akalisogeza tena. Likatembea hivyo mkeka mzima, likisogezwa kwa adabu, mpaka likafika mbele ya Bibi Ty. Ajuza akachukua kipande, akakitafuna na ufizi wake, akakimeza.

"Miaka themanini nimekunywa kisima hicho," akasema. "Kama ni cha kuua, kina uvivu kama ukoo huu."

Hakuna aliyeunga mkono tofu ile. Khoat alikula iliyobaki yote, akaumwa tumbo kwa kushiba.

*

Alichofanya Khoat ndani ya siku zile kilikuwa kimoja. Alimwaga maji. Alfajiri, mchana na jioni alikuwa anawasha pampu, maji yananyesha juu ya mchanga, anaacha yapite, yanakwenda zake mferejini. Maneno aliyaacha. Alipanda ngazi, akachimbua kwa kidole, akatazama. Mchanga wa mto Lo ulianza kupoteza dhahabu yake. Ukawa kama chai, kisha kama kahawa, na maua ya mipichi yalipokwisha kudondoka, kidole chake kikatoka cheusi. Aliteremka mbio akamwonyesha mkewe.

"Umeona? Umeona hii?"

Nhai alikitazama kile kidole. "Nawa kwanza, tule. Kisha mpigie daktari."

Daktari Uyen alisema atakuja wiki hiyo hiyo. Alihitaji karatasi moja tu, ombi la kata, kwani chuo hakimruhusu kupima tena tangi la mfano bila kata kuomba. Khoat akavaa lile koti, akaenda ofisini.

Quyet alimkaribisha chai. Chai ilikuwa ya maji ya chupa. "Ombi nitaandika, kwa nini nisiandike? Ila wilaya wananiuliza kila siku kwa nini tangi la mfano lilitutia aibu. Lazima kuwe na maelezo. Utasoma kujikosoa kwako mbele ya kijiji. Kwamba ulipewa mafunzo kamili, na hukuyaelewa."

"Niliyaelewa."

"Ungeyaelewa ungetupa mchanga?"

"Ndugu makamu, mchanga ulisema wewe."

"Mimi nilisema usafi. Usafi ni sera. Mchanga ulikuwa wako." Akammiminia kikombe kingine. "Soma Jumamosi, Jumatatu barua inakwenda Hanoi. Kiwanda nacho nitazungumza nacho. Kwani tunagombana?"

Khoat alirudi nyumbani akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba hasomi. Nhai akamsikiliza mpaka akaishiwa viapo.

"Baba Luyen, heshima unaijua kukamua?"

"Unamaanisha nini?"

"Mimi nakamua soya, inatoka tofu. Wewe kamua heshima yako hapa, tuone inatoka nini. Ikitoka kitu cha kula, usisome."

Jumamosi akasoma.

*

Ukumbi wa utamaduni ulijaa, maana kijijini kujikosoa ni kama mchezo wa kuigiza usiolipiwa kiingilio. Khoat alisimama chini ya picha na bendera, karatasi mkononi. Alisoma kwamba yeye, mkulima, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, alitupa mchanga wa chujio la mfano na kusababisha hasara kwa sifa ya kata. Alipofika kwenye mstari wa kwamba hakuyaelewa mafunzo, aliuruka. Quyet alikuwa anafuatilia kwenye nakala yake.

"Umeruka mstari, ndugu."

"Huo si kweli. Niliyaelewa."

"Ndugu Khoat."

"Niulizeni! Chuma kikikutana na hewa kinapata uoksidishaji. Kikishaoksidishwa kinakuwa mashapo. Mashapo yanaikamata arseniki. Chini yake kuna tabaka amilifu, ndilo moyo wa chujio, haliguswi!" Alikuwa anapiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka. Ukumbi ukaangua kicheko. Kuna aliyepiga makofi.

Mwalimu mstaafu Dac, mzee mpole wa safu ya mbele, akasubiri wanyamaze. "Khoat, mwanangu. Sasa wewe ulidhani tabaka amilifu ni nini?"

Khoat akamtazama. Ile hasira ilimtoka kama maji kwenye tofu.

"Nilidhani ni kitu cha serikali, mwalimu," akasema. "Kitu chenye jina zuri namna ile. Sikudhani kinaweza kuwa kimekaa nyumbani kwangu."

Hakuna aliyecheka. Mui muuza nyama aliinama akawa anafunga kandambili ambazo hazina kamba.

Khoat akainua ile karatasi, akausoma ule mstari. Akausoma kwa sauti iliyonyooka, kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha ya mtu mwingine. Kisha akatia sahihi.

"Sasa barua," akasema. "Ya Hanoi."

Quyet alikunja karatasi, akaiweka kwenye mkoba. "Barua itakwenda, usijali. Ila nisiwafiche ndugu zangu, haina haraka tena. Kiwanda tangu wiki iliyopita kinachukua tofu kwa muuzaji wa mjini. Wamefunga mkataba wa mwaka."

Nhai, aliyekuwa safu ya nne upande wa wanawake, akainuka nusu, akakaa tena.

"Wiki iliyopita?" Khoat akauliza. "Ulijua tangu wiki iliyopita?"

"Niliarifiwa."

"Na ukaniacha nisome?"

"Kujikosoa ni jambo moja, kiwanda ni jambo jingine. Tusichanganye mambo."

"Ulisema utazungumza nao!"

"Nimezungumza nao. Ndipo nikaarifiwa." Watu walianza kunung'unika, viti vikasukumwa. Mtu wa nyuma akasema hii sasa ni dhuluma, mwingine akamwambia anyamaze asije akapewa na yeye karatasi ya kusoma. Quyet akagonga meza kwa kiganja. "Ndugu zangu! Kata haina kinyongo. Kamati imekaa jana, imeamua kwamba hakutakuwa na faini wala onyo la maandishi. Ndugu Khoat amesamehewa. Haya, yamekwisha. Tunataka neno moja la shukrani kutoka kwa familia tufunge kikao. Shemeji Nhai, familia inasemaje?"

Nhai akasimama. Akanyoosha vizuri kola ya blauzi yake, kama mtu anayekaribia kupigwa picha.

"Familia inauliza, shemeji, zamu yetu ya kusamehe ni lini? Mtuambie mapema, tuje kukataa."